Sufuria Nyeusi ya Malachie

Mais hapana, hiyo mambo ya karuho muiache. Tangu mwezi ya tatu ni hiyo tu: karuho, karuho, eti Lusenge bamemutilia karuho, eti ni muke yake. Nani aliiona? Nani aliionja? Kama ingekuwa karuho ya kweli, Kyakimwa angekuwa amekwisha kulipiza zamani, na mwenye alifanya ile angekuwa anatafuna bugali na meno mbili. Kyakimwa ni dada ya Lusenge, tumbo moya, bamefwatana. Na ule mwanamuke, kusamehe hapana kazi yake. Mwaka yenye mbuzi ya jirani ilimukulia majani ya viazi, alingojea miezi munane. Kisha akaenda kuchunga mbuzi yake mwenyewe mu maharagi ya ule jirani, akaikaa pembeni, anaiangalia inakula, anaimba wimbo ya kanisa.

Kwa mwenye hajue: karuho ni sumu ya pole-pole. Banaitiaka mu chakula ao mu kasiksi, ile pombe ya ndizi. Hainuke, haiue siku ile. Unakonda, unatapika, nguvu inaisha, unaenda. Huku kwetu Butembo na Beni, mutu akianguka bila homa, batu hawatafute daktari. Banatafuta mwenye alimupikia.

Njo vile bilianza.

Kyakimwa alizaliwa Kipese, kule juu kwenye baridi inaluma vidole mpaka saa ine ya asubui. Masomo aliachia mu ya tano primaire, juu baba yake alisema viazi havingojee shule. Akiwa na miaka kumi na munane akaanza kushuka na lori, viazi chini, wamama juu ya magunia, mpaka Butembo. Leo iko na makumi mbili na saba, na ku soko batu bote banamujua. Hakuna mutu anamupunguziaka kipimo. Bamoya bamejaribu, muulize kama bamerudilia.

Yaya yake Lusenge, kaka mukubwa, yeye alikuwa motari, anabeba batu na moto, njo pikipiki. Butembo–Beni, Beni–Butembo, kila siku ya Mungu, na vumbi mu meno na kofia ya baridi mpaka ku masikio. Kijana wa nguvu. Na ku parking yao, pale bamotari banangojeaka baclients, kulikuwa kibanda ya Malachie.

Malachie anakaranga. Frites za viazi, sosisi, beignets za unga, mapaja ya kuku ya congélateur, byote mu sufuria moya, kubwa, nyeusi inje, nyeusi ndani. Na sufuria ile iko na siri yenye haikuwa siri, juu yeye mwenyewe alikuwa anaisifu: mafuta hamwangake. Magaribi anaifunika na mufuniko. Asubui anaongeza kidogo ya mupya juu ya ile ya zamani, anawasha moto. Ile ya zamani anaiita mama.

«Mafuta ya mupya haina akili,» anasemaka. «Inapaswa ifundishwe na mama yake.»

Bamotari banacheka. Banaongezesha mayonnaise.

Viazi ya zile frites ilitokaka wapi? Kwa Kyakimwa. Magunia mbili siku ya mbili ya juma, njo Jumanne, magunia mbili siku ya tano. Yeye mwenyewe alikuwa anaziteremusha na mugongo yake, anaziweka pa mulango ya Malachie, na Malachie anamwambia asante kwa luga ya kwetu: «Wasingya, binti wa Kipese, viazi yako ni ya kiume.» Na yeye anafurahi.

Lusenge alikuwa anakula pale mara tatu. Asubui, beignets ine na chai yenye sukari mpaka kijiko inasimama. Saa sita, frites na sosisi, chumvi inanyesha juu kama mvua ya mawe, na sucré, soda ya baridi, ya kuteremusha. Akirudi Beni, tena. Motari hana saa ya kungojea fufu iive, na chakula ya Malachie iko tayari, ya moto, inanukia mpaka ku station ya essence. Kisha anafika nyumbani. Muke yake Eliane amepika sombe ya majani ya mihogo, maharagi, samaki kidogo, ameifunika na sahani. Anasema:

«Nimeshiba, mama Élise. Upatie mutoto.»

Eliane alikuwa anasema: «Ile mafuta itakuua.» Na Kyakimwa alikuwepo siku moya anasikia, akacheka. Akamwambia shemeki yake eti ni wivu, eti bwana yake ameanza kuwa na mwili ya patron. Juu kweli Lusenge alikuwa amenenepa. Shingo ilijaa, tumbo ikatoka, na kwetu mutu akinenepa batu banamupongeza, banasema maisha imemukubali. Kichwa ilikuwa inamuluma kila asubui. Alisema ni vumbi ya barabara. Alinunua vidonge ku kiosque, anameza na sucré.

Siku moya ya tatu ya juma, saa mbili ya asubui, alikuwa anakanyaga moto yake itembee ku parking, mukono ya kuume ikakataa, na muguu ya upande ule. Akageuka kwa benzake aseme kitu, kinywa ikaenda upande. Benzake bakacheka, bakafikiri anaigiza ule muzee mulevi wa quartier. Bakacheka mpaka akaanguka na moto juu yake.

Sasa angalia makosa yenye tulifanya, na kila mutu wa huku angeifanya. Noko yao Henri, ndugu ya mama yao, alifika, akaangalia ile kinywa, akasema neno moya: karuho. Hakuna mutu aliuliza tena. Bakabeba Lusenge mpaka kwa munganga wa miti, ile ya kando ya muji, mwenye anatapishaka batu. Akamunywesha maji ya mizizi. Siku ya kwanza, anatapika. Siku ya pili, anatapika. Siku ya tatu hana kitu tena ya kutapika, na mukono haisogee.

Na Kyakimwa? Kyakimwa alienda kutafuta mwenye alipika.

Alimukuta Eliane ku nyumba analia. Hakumuuliza kitu. Alichukua nyungu ya sombe, ikiwa ingali na chakula, akabeba ku kichwa mpaka ku parking, akaitupa chini mbele ya bamotari makumi tatu.

«Muone,» akalia, na sauti yenye inasikilika ngambo ya soko. «Muone chakula yenye imemuua yaya yangu. Muke yake njo alipika.»

Malachie alikuwa pale, na kijiko yake ya matundu mu mukono. Akatingisha kichwa na huruma. Akasema: «Wanawake ya leo.»

Ile saa sita Eliane alipanda moto na mutoto ku mugongo, akaenda kwa mama yake, Beni, mu commune ya Beu. Alifanya muzuri. Angebakia, batu benye hawana kazi bangekuja na mawe.

Siku ya ine kwa munganga njo Timothée alifika. Timothée ni président wa bamotari wa ile parking, mutu wa maneno kidogo. Aliingia kwa munganga, hakusalimia, akafunga Lusenge ku mugongo yake na kitenge kama mutoto, akamupeleka ku hôpital na moto. Noko Henri anakimbia nyuma anasema dawa ya bazungu haijue karuho. Timothée hakugeuka.

Kyakimwa akabafikia ku hôpital, bakakuta muuguzi moya, jina yake Abigaïl, mama wa makamo, miwani ku pua. Alimufunga Lusenge ile kitambaa ya kupima tension, njo presha ya damu, ku mukono. Akaangalia. Akafungua, akafunga tena ku mukono ingine.

«Makumi mbili na mbili juu ya kumi na tatu,» akasema. «Ya kawaida ni kumi na mbili juu ya munane. Mulikuwa wapi tangu siku yenye alianguka?»

«Kwa munganga,» Kyakimwa akajibu. «Bamemutilia karuho.»

«Hapana karuho. Mushipa ya kichwa imeziba. Kama mungemuleta ile siku, pengine ule mukono ungesogea.» Akavua miwani. «Anakulaka nini?»

Kyakimwa akaanza kuhesabu. Beignets. Frites. Sosisi. Mayonnaise. Chumvi. Sucré. Frites tena. Alipofika ku magaribi, sauti yake mwenyewe ilimuchokesha.

«Kila siku?»

«Kila siku. Miaka tano.»

«Mara moya kwa wiki haingemuangusha,» Abigaïl akasema. «Mais kila siku? Mafuta yenye banarudilia kukaranga inageuka mubaya, inaziba mishipa. Chumvi inapandisha tension. Sucré inapandisha sukari, na yake iko juu pia, nimepima. Tena iko na miaka ngapi?»

«Makumi tatu na tatu.»

«Ule ku kitanda ya kwanza iko na makumi tatu na moya. Motari. Ule wa dirisha, motari pia.»

Kyakimwa akaangalia vile vitanda. Akauliza: «Nani alibakarangia?»

«Dada, sikusema nani. Nilisema nini.»

Mais Kyakimwa alikuwa amekwisha kusikia nani.

Siku mbili hakulala, alikuwa anapanga. Aliwaza kumuletea Malachie viazi yenye kuoza katikati ya gunia. Aliwaza muchanga mu mafuta. Aliwaza kiberiti, na hiyo aliiwaza sana, mpaka mikono ikamuwasha. Mais Lusenge alipopata neno ya kwanza, na ile kinywa ya upande, mate inashuka, hakuita dada yake. Alisema: «E-ya-ne.» Tena: «E-ya-ne.» Siku nzima. Kyakimwa akajua ya kama mbele ya kulipiza Malachie, iko na deni ingine, na hiyo hawezi kulipa na kiberiti.

Akaenda Beni, nyuma ya moto ya Timothée. Bakapita barrière na barrière, basoda banauliza munaenda kufanya nini, Kyakimwa anajibu: «Kuomba samahani.» Moya akacheka, akasema, «Pita, mama, hiyo haiombe karatasi ya laissez-passer.»

Ku Beu akamukuta Eliane mu kiwanja ya mama yake, anachagua maharagi mu lungo. Hakuinua macho.

«Shemeki,» Kyakimwa akasema.

«Miye njo mwenye karuho. Uko unanisalimia, hauogope?»

«Haikuwa karuho. Ku hôpital bamesema ni mushipa. Ni ile chakula ya Malachie.»

«Nilikwambia miye. Ulisema ni wivu.»

«Nilisema.»

Maharagi inapita mu vidole, mubaya kando, muzuri kando. Kyakimwa akapiga magoti mu udongo. Kama unamujua, unajua ya kama yale magoti hailalaka chini hata ku kanisa.

«Simama, utachafua kitenge,» Eliane akasema. «Kule ku parking ulilia na sauti gani?»

«Ya nguvu.»

«Mbele ya nani?»

«Bote.»

«Basi utarudilia pale pale, mbele ya bote, na ile ile sauti. Siku ile nitarudia kwa bwana yangu. Sinon batu bataniita mulozi mpaka mutoto yangu aolewe, kama kutakuwa mwenye anataka kumuoa.»

Kurudia njiani, nyuma ya Timothée, Kyakimwa alikuwa anawaza. Kusema tu haitoshe. Alikuwa amesema mara moya na bakamwamini bila kuona kitu. Mara hii alitaka baone. Na pale karibu na Maboya, upepo mu macho, akakumbuka kitu yenye alikuwa anaiona miaka yote na hakuiwaza hata siku moya: saa sita, muke ya Malachie anafikaka na kitunga. Anapita nyuma ya kibanda. Na Malachie anapotea kidogo.

«Timothée,» akalia ku sikio yake. «Umekwisha kumuona Malachie anakula frites?»

Timothée akapunguza mbio ya moto. Akawaza mpaka bakapita kilima.

«Hapana,» akasema.

Siku ya tano ya juma, saa sita kamili, Kyakimwa akateremusha magunia mbili pa mulango, kama kawaida. Malachie akamwambia wasingya, akamuuliza mugonjwa iko namna gani, akasema anamuombea. Kyakimwa akaikaa juu ya gunia. Parking imejaa, bamotari banakula mu makaratasi, midomo inangaa. Muke ya Malachie akafika na kitunga, akapita nyuma. Kyakimwa akasimama, akamufwata, akamupokonya kitunga bila kelele, akaja kuiweka juu ya meza, katikati ya sosisi.

Akafunua. Fufu. Sombe. Avoka moya. Maharagi yenye haina hata tone ya mafuta.

«Hii ni ya nani?» akauliza.

«Ni yangu,» Malachie akasema. «Rudisha, binti. Hatuchezee chakula ya batu.»

«Juu ya nini haukule frites?»

«Ninaziona siku nzima, zimenichokesha.»

Bamotari bakacheka kidogo. Kyakimwa hakucheka. Alichota frites na kijiko ya matundu, za moto, akaziweka mbele yake mu karatasi, akanyesha chumvi, akapaka mayonnaise, vile yaya yake alikuwa anapenda.

«Kula moya.»

«Uko na kichaa ya huzuni, minaelewa. Mais Lusenge, nilimufungua kinywa na mukono? Alikuja na miguu yake.»

«Hiyo ni kweli. Alikuja na miguu yake. Sasa miguu ni moya. Kula.»

«Nimeshiba.»

«Vieux,» Timothée akasema kutoka nyuma, «kula moya tu, tuendelee na kazi.»

Kulikuwa mutu mwenye alikuwa na sosisi mu kinywa, akaacha kutafuna. Malachie akatwaa frite moya na vidole mbili. Mafuta ikashuka mpaka ku kiganja. Akaiangalia. Akaipeleka karibu na kinywa, na ile njo saa muke yake mwenyewe alisema, pole-pole, juu mwanamuke wa batu alikuwa anaogopea bwana yake:

«Baba Orpa, daktari alikukataza.»

Akaiweka chini.

«Alikukataza nini?» Kyakimwa akauliza.

Malachie anapangusa vidole.

«Alikukataza nini, nauliza.»

«Mafuta,» akasema. «Na chumvi. Niko na tension.»

«Tangu wakati gani?»

«Hiyo inakuangalia nini?»

«Miaka mbili,» muke yake akasema.

Miaka mbili. Miaka mbili alikuwa anajua, anameza vidonge yake, anakula sombe yake nyuma ya kibanda, kisha anarudi mbele kuwapakulia batoto ya batu ile mafuta ya mama.

«Kila mutu na tumbo yake,» Malachie akasema. «Miye sikuchunge tumbo ya mutu.»

Batu banasemaka Kyakimwa alimupiga. Hapana. Batu banapenda kuongeza. Alipanda juu ya gunia yake ya viazi, akalia na ile sauti ya siku ile, na zaidi:

«Nilisema uongo hapa. Nilisema Eliane amemuua yaya yangu na karuho. Ni uongo yangu, na ni ya noko yangu. Eliane alikuwa anamupikia chakula muzuri, na yaya yangu alikuwa anaiacha juu ya kujaa hii. Mwenye atamuita tena mulozi, atanikuta. Na hizi frites munakula, viazi ni ya mugongo yangu. Miye njo nilizileta.»

Ile ya mwisho ilitoka yenyewe. Hakuwa ameipanga.

Kisha akashuka, akaondosha makala chini ya sufuria, moya moya, na koleo. Akaikaa kungojea mafuta ipoe. Saa nzima. Malachie alitaka kumusukuma, mais Timothée alikuwa amesimama pale na mikono kifuani, na nyuma yake bamotari kumi. Hakuna mwenye alinunua hata beignet. Malachie analalamika, anaita batu yuma, bajinga, anasema ataenda kushitaki ku commune. «Enda,» Timothée akamwambia. «Tutalinda kibanda.» Hakuenda.

Mafuta ilipopoa, bakaibeba batu wawili, bakaimwanga mu shimo ya takataka. Ilishuka nyeusi, nzito, inanuka kama moteur. Na ku chini kabisa kulibakia kitu haikutaka kushuka, kama goudron, lami ya barabara. Kyakimwa akaikwangua na kijiko. Akaichukua, akaipaka juu ya ile fufu nyeupe ya Malachie, sahani nzima, pole-pole, kama mutu anapaka margarine ku mukate.

«Mama yako huyu,» akamwambia. «Mukule pamoja.»

Akabeba magunia yake mbili, akaenda. Na wamama yote ya lori ya Kipese na ya Luofu, alibazunguka moya moya kabla ya Yenga, siku ya kanisa. Hakuna kiazi moya iliingia tena kwa Malachie. Alijaribu na mihogo. Wiki mbili, kibanda ikafungwa.

Mutauliza kama roho yake ilipoa. Ilipoa nusu. Eliane alirudia, hiyo ni kweli. Alitembea katikati ya parking mutoto ku mugongo, na bamotari bakasimama. Noko Henri alileta jogoo, na kwa yeye hiyo ni kusema mingi. Mais mukono ya Lusenge iko palepale, inaning'inia kama ya mutu mwingine. Moto yake ya kazi imeuzishwa kwa dawa. Anakula na mukono ya kushoto, sombe bila chumvi, anakunja uso.

«Chakula ya bagonjwa,» anasema.

«Weye ni nani?» Eliane anamujibu, anamupangusa kidevu.

Na Kyakimwa anaikaa pale mulangoni anaangalia, anahesabu mu roho magunia yenye alipeleka pale miaka tano. Haimalizake.

Alors sikieni. Wiki yenye imepita Timothée alienda Beni, akarudia na habari. Malachie iko Beu, karibu na soko. Parasoli ya mupya, rangi ya mupya ku kibanda, sufuria ni ile ile. Ameanza mama ingine. Bamotari ya Beni bamepanga mustari.

Batu ya Beu, hapana kusoma hii na kutingisha kichwa. Kesho saa sita muende pale. Kama ndugu yako iko mu ule mustari, umutoe na mukono, umupeleke bamupime tension ile siku ile, hata akikutukana. Kisha murudie kwa Malachie, mumuzimie ule moto ya chini ya sufuria.